Kabati la Vioo la Profesa Oktavi

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za karakana. Sikuchoka kazi, ila macho yangu yameanza kuona mistari miwili pale penye mmoja, na fundi wa vyombo vya mazingaombwe mwenye macho ya namna hiyo ni heri aende kulima mchicha. Ninyi mliobaki mmeniomba niandike jinsi nilivyoanza. Michanganyiko ya rangi nimewaachia kwenye daftari, droo ya kushoto, kwa hiyo sitairudia hapa. Miaka ya baadaye mnaijua, wengine mlikuwapo. Nitaandika ile ya mwanzo tu, ya wakati Katanga ilipojitenga, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi, na kwa sababu walionifundisha hawapo tena kuieleza wenyewe.

Karakana ilikuwa ya baba yangu mdogo, Papa Salumu, hapohapo Kamalondo ilipo leo, ila wakati ule paa lilikuwa la mabati yaliyokunjuliwa kutoka kwenye mapipa, na mvua ikinyesha hakuna aliyesikia mwenzake. Watu wetu walikuja kutoka Maniema na useremala wao. Papa Salumu alitengeneza vitanda, milango na makabati. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema misumari ikiwa mdomoni, kwa hiyo ilibidi kumsikiliza kwa macho.

Rangi ilikuwa mikononi mwa Papa Mukendi. Yeye alikuwa mtu wa Kasai, Mkatoliki, aliyesoma kwa mapadri mpaka akakaribia kuwa mmoja wao, kisha akamwona binti mmoja kwenye kwaya akabadili mpango. Nusu ya vibao vya maduka mjini ilikuwa mwandiko wake. Alikuja kazini na tai kila siku ya Mungu. Alipoanza kupaka aliipenyeza ndani ya shati, kati ya kifungo cha pili na cha tatu, isije ikaingia rangini.

Vyombo vya mazingaombwe vilituingilia kwa sababu ya Profesa Oktavi. Huyu alikuwa mzungu mzee mwenye masharubu yaliyotiwa wanja, aliyezunguka miji ya migodi akionyesha kiinimacho: leo Kipushi, juma lijalo Sakania kwa treni. Vyombo vyake alivinunua kwa mwenzake aliyestaafu huko Ulaya, na huyo mwenzake naye alivirithi kwa mtu mwingine, hivi kwamba baadhi ya masanduku yalikuwa na umri mkubwa kuliko mji wenyewe. Mchwa wa Katanga hawakuheshimu umri huo. Wazungu wengi walipoanza kupakia magari kuelekea mpakani, Profesa naye alikuja na lori, akashusha masanduku kumi na moja mlangoni petu, akamwambia Papa Salumu, “Tengeneza yote. Nitarudia.” Akapanda tena lori na sungura wake mikononi. Sungura peke yake ndiye aliyehesabiwa kuwa hawezi kungoja.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilijua kushona. Nilifikiri nimeitwa kwa ajili ya mapazia na bitana za masanduku. Siku ya kwanza nilikuja na sindano zangu, mkasi, na mtandio mpya.

“Zaituni,” Papa Salumu akaniuliza, “uko na urefu gani?”

“Sijui, Papa.”

“Ingia mule.”

Mule ni kwenye sanduku la mwanamke anayekatwa kwa msumeno. Nikajilaza, kichwa upande mmoja, magoti yakiwa kifuani kama alivyonielekeza, wakafunga kifuniko. Nikasikia Papa Mukendi akigonga juu kwa adabu kabisa, kama anabisha hodi.

“Mama, unaona mwangaza fasi gani?”

“Huku ku mugongo. Na kidogo ku miguu.”

“Fasi mwangaza unaingilia, njo fasi macho ya bantu itaingilia,” akasema akimaanisha watu watakaotazama, na nikasikia chaki ikipita.

Tuliendelea hivyo saa tatu. Wao wakiziba nyufa, mimi nikitafuta mwanga. Mwishowe giza lilikuwa zuri na bitana laini, nikalala usingizi. Walipofungua na kunikuta nakoroma, Papa Mukendi alisema hiyo ndiyo dalili kwamba sanduku limepona. Sijui fundi mwingine aliyesinzia siku yake ya kwanza na akasifiwa.

Majirani hawakutusifu. Habari ilienea kwamba Salumu anafungia mtoto wa kaka yake ndani ya sanduku na kumtoa, na kwamba ni bulozi, uchawi mtupu. Mama Feza, aliyeuza viazi vitamu mbele ya karakana, alihamia ng'ambo ya barabara. Baadaye alirudi, kwa sababu kivuli kilikuwa upande wetu, lakini kwa miezi kadhaa hakutaka nimshike mkono.

Kushona kulinichukua majuma machache, kisha Papa Mukendi akaniweka kwenye kukwangua. Aliniletea kipande cha kioo kilichovunjika, akanifundisha kukishika kwa kitambaa na kukivuta kuelekea kwangu, taratibu, bila kuzama. Kwenye sanduku la kwanza niliondoa rangi ya kijani nikakuta nyekundu, chini ya nyekundu nikakuta joka lenye magamba ya dhahabu, limechorwa na mtu ambaye bila shaka alikwisha kufa kabla babu yangu hajaoa. Nilikuwa nimeandaa brashi kulifunika. Papa Mukendi akanishika kiwiko.

“Huyu unataka kumufunika, ulimujua kwanza?”

Nikasema ni joka tu.

“Nasema ule mwenye aliichora. Angalia kwanza alikuwa anatafuta nini.”

Tuliangalia siku nzima. Kumbe mkia wa joka ulipita juu ya kiungo cha mlango wa siri, ili jicho lifuate mkia na kuusahau mlango. Mchoraji yule alikuwa anafanya kazi, si mapambo. Tangu siku ile sijawahi kupaka juu ya mtu nisiyemjua, na ninyi mnajua jinsi nilivyowasumbua kwa jambo hilo.

Alinifundisha pia weusi. Rangi nyeusi ya dukani inang'aa, na kitu kinachong'aa kinaonyesha umbo lake. Sisi tulikusanya masizi ya taa ya mafuta, tukayachanganya na gundi ya ngozi iliyochemshwa kwa moto mdogo, tukapaka mara tatu. Ukiangalia weusi ule ni kama unatazama shimo. Gundi ilinuka vibaya mno. Mama yangu alinikataza kuingia jikoni kabla sijaoga, na hata baada ya kuoga aliniketisha karibu na dirisha.

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa meza. Meza ya mazingaombwe ina uso mwembamba kwa kuangalia, lakini katikati inatumbukia chini kama bakuli, na humo ndimo njiwa wanakaa. Ukingo una mstari mwembamba wa dhahabu, chini yake weusi wetu ule wa shimo, na jicho linaamini dhahabu na kuacha mengine. Nilipewa meza hiyo peke yangu. Nikajitahidi. Nikaongeza maua kwenye ukingo, nikaupanua mstari, kisha, kwa sababu niliipenda kazi yangu, nikaipaka vanishi yote, juu na chini.

Papa Mukendi hakunigombeza. Aliibeba meza mpaka barabarani, akaiweka kwenye jua kali, akamwita Mama Feza.

“Mama, unaona nini?”

Mama Feza akainamisha kichwa huku, akainamisha kule. “Meza,” akasema. “Iko na mimba.”

Nilikwangua siku nne. Mama Feza alinitazama siku zote hizo, na ya tano akaniletea kiazi kilichochomwa, akaniwekea mkononi mwenyewe.

Wakati huo kujitenga kulikuwa kumeshika kasi. Bendera mpya ilitakiwa kila mahali, nyekundu, nyeupe na kijani, na misalaba ya shaba ndani yake, na kwa muda fulani hapakuwa na kopo la nyekundu wala la kijani katika mji mzima. Tulipaka joka letu kwa rangi ya kahawia na kusema ni la porini. Ofisi moja ilituletea mbao kumi na mbili zichorwe misalaba hiyo. Papa Mukendi aliichora kwa rula na bikari, kila mmoja sawasawa na mwenzake. Nilimuuliza kama haimsumbui, yeye mtu wa Kasai, siku hizo watu wa Kasai wakitukanwa sokoni.

“Mustari ukinyooka, hauna kosa,” akanijibu. “Kosa iko kwa bantu.”

Mbao zilichukuliwa, zikatundikwa. Juma lililofuata akaja mtu wa ofisi ileile kusema wasingeleta kazi nyingine kwa fundi yule, kwa sababu ya jina lake. Mbao hawakuzishusha. Zilikuwa zimechorwa vizuri mno.

Halafu mambo yakawa mabaya. Familia za Kasai zilianza kutolewa majumbani, mtaa kwa mtaa, na wengi wakakimbilia kambi iliyofunguliwa kando ya mji, ikilindwa na askari wa kigeni wenye kofia za buluu. Siku moja, Papa Mukendi akiwa kazini, mtaa wake ulizingirwa. Mke wake na watoto wanne walipata nafasi kwenye lori la parokia wakafika kambini. Yeye alibaki upande wetu wa mji, na katikati, pale reli inapokata barabara, vijana walikuwa wameweka gogo juu ya mapipa na kuuliza kila mtu kabila lake. Walioulizwa na kukutwa ni wa Kasai hawakuendelea na safari. Sitaandika zaidi ya hapo.

Alikaa siku tatu kwenye chumba cha nyuma cha karakana, kati ya mbao. Hakuacha kazi. Alitengeneza bawaba za masanduku yote, hata zile ambazo hazikuharibika. Siku ya tatu Papa Salumu alitoa misumari mdomoni, akaiweka mezani mmoja mmoja. Nilikuwa sijawahi kumwona akifanya hivyo katikati ya kazi.

“Mukendi,” akasema, “utaingia mu kabati.”

Kabati la vioo lilikuwa chombo kizuri kuliko vyote vya Profesa. Limesimama kama kabati la nguo, na katikati ndani yake kuna nguzo nyembamba. Kutoka kila ukuta wa pembeni kinatoka kioo chenye bawaba, na vioo viwili vinakutana kwenye nguzo ile. Ukisimama mbele, unadhani unauona ukuta wa nyuma, kumbe unaona sura za kuta za pembeni ndani ya vioo. Nyuma ya vioo kunabaki nafasi ya pembetatu, na mtu mzima anaweza kusimama humo, ikiwa hapumui kwa fujo. Hila yote inategemea mistari iliyochorwa kwenye kuta. Ikiwa ya pembeni hailingani na ya nyuma, mtazamaji ataona kitu kimepinda, na akishaona hivyo atanyoosha mkono.

Mistari ile, myekundu ya damu ya mzee na myeupe ya maziwa, nilikuwa nimeipaka mimi, juma moja kabla. Ilikuwa kazi yangu kubwa ya kwanza tangu ile meza yenye mimba.

Papa Mukendi alifungua mlango akaikagua. Alichukua rula. Alipima upande wa kushoto, akapima wa kulia, akachuchumaa, akasimama. Nilisimama nyuma yake nikiifuata rula kwa macho.

“Ni weye ulipaka yote?”

“Ndiyo, Papa.”

Akaitazama kidogo tena. Kisha akairudisha rula mahali pake. “Bon,” akasema. “Twende.”

Papa Salumu aliamua twende saa nne asubuhi, jua likiwa juu. Jioni, alisema, wale vijana wanakuwa wamekunywa, na mlevi hataki kuona, anataka kupiga. Asubuhi bado wanaona. Tulilisimamisha kabati kwenye pusupusu, ule mkokoteni wetu wa magurudumu mawili, tukalifunga kamba. Nilisafisha vioo kwa spiriti na karatasi ya gazeti, maana ilikuwa kiangazi, na vumbi likikaa kwenye kioo, kioo kinajulikana. Kisha mimi mwenyewe, bila kuambiwa, nikapaka kizingiti cha mlango rangi nyekundu mbichi, nikanyunyiza tapentaini kwenye fremu mpaka macho yakatuwasha.

“Ya nini?” Papa Salumu akauliza.

“Bataogopa kuchafuka.”

Papa Mukendi aliingia na tai yake shingoni. Kabla sijafunga vioo aliniambia jambo moja. “Bakisema fungula, fungula yote. Mwenye anafungula nusu, njo banamutafuta.”

Papa Salumu alivuta, nami nikasukuma. Njia ile naijua kwa miguu yangu, dakika ishirini kwa mtu asiye na mzigo. Tulitumia karibu saa nzima. Kwenye kila shimo nilisikia kioo kikilia kidogo ndani, na kila mara nilihesabu vidole vyangu kuona kama vyote vipo.

Kwenye gogo walikuwa vijana watano. Mkubwa wao alivaa miwani ya jua na viatu vyeupe vipya kabisa, viatu vya harusi.

“Munabeba nini?”

“Kabati ya mazingaombwe, chefu,” nikasema. “Tunaipeleka kwa mwenyewe.”

“Juu ya nini iko nzito vile?”

“Mbao ya mukwa,” Papa Salumu akajibu, na huo ulikuwa ukweli, sehemu yake.

“Fungula.”

Nikafungua. Yote, mpaka mlango ukagonga ubavu wa kabati. Jua liliingia moja kwa moja. Mistari ilisimama kule ndani, myekundu na myeupe, mpaka nyuma, na kabati likawa tupu. Hata mimi niliyejua nililiona tupu. Kwa nukta chache nilisahau kuogopa, nikaona tu kwamba kazi imekuwa nzuri, na aibu ya wazo hilo ninayo mpaka leo.

Yule mwenye miwani akasogea. Hapo ndipo palikuwa na hatari, kwa sababu kioo kinamdanganya mtu wa mbali kidogo. Akiingiza kichwa tu, angejiona mwenyewe, na miwani yake. Aliinua mguu aweke kwenye kizingiti.

“Chefu,” nikasema, “rangi iko mubichi. Viatu yako.”

Mguu ukabaki hewani. Akagusa kizingiti kwa kidole, kidole kikawa chekundu. Akakitazama, akakipangusa kwenye shati la mwenzake aliyesimama karibu, na wengine wakacheka. Alirudi nyuma hatua mbili, pua ikimwasha.

“Na hii inafanya nini?”

“Inapoteza bantu,” nikajibu, kwa kuwa sikupata jibu jingine.

Kicheko kikaisha. Mwenye shati lililochafuka akauliza, “Inabapoteza namna gani?”

Papa Salumu alikuwa akifunga kamba ya mkokoteni upya, hakuinua hata kichwa. “Unaingia,” akasema. “Haurudie.”

Wakatazamana. Mmoja akatema mate pembeni kama watu wanavyofanya karibu na kitu cha bulozi. Kisha bila amri ya mtu, wawili wakaliinua gogo, na yule wa viatu vyeupe akatuonyesha njia kwa mkono, upesi, kama anafukuza nzi.

Tulifungua kabati ndani ya ua wa kambi, mbele ya askari wa kigeni waliokuwa wameduwaa. Papa Mukendi alitoka amelowa jasho kama aliyetoka mtoni, magoti yamekakamaa, tai bado imenyooka. Mke wake alikuja akikimbia na sufuria mkononi, na hakuiweka chini hata alipomkumbatia. Papa Salumu akageuka upande mwingine akaanza kukagua gurudumu. Mimi nililia, kisha nikacheka, kisha nikaona nimeegemea kizingiti na nguo yangu yote ni nyekundu.

Tangu hapo masomo yangu yaliendelea kambini. Mimi sikuwa wa Kasai, na kwenye gogo wakanizoea. Waliniita Mama Bulozi na kunipisha. Nilibeba vyombo vidogo chini ya karanga kwenye kikapu: vikombe vya kufichia mipira, bomba la leso, kisanduku cha yai. Papa Mukendi alikuwa amepewa kazi ya kuandika namba kwenye mapipa ya maji, na namba zile zilikuwa nzuri hata watu wakawa wanabishana nani apewe pipa la nane, kwa sababu ya tumbo la ile nane. Tulikaa mbele ya turubai lake. Nikimwonyesha kazi, aliigeuza, akanirudishia. “Hapa ulikuwa na haraka,” alikuwa akisema. “Hapa ulikuwa unafikiri chakula.” Mara nyingi alikuwa sahihi.

Siku moja, akiwa anafuta brashi, alinena bila kunitazama. “Mule mu kabati, ukuta wa kushoto, mustari wa tatu. Kule chini uliongeza upana kidogo. Kama unywele.”

Nikauliza aliona lini.

“Siku ile. Na rula.”

“Mbele ya kuingia?”

“Mbele ya kuingia.”

“Na ukaingia, Papa?”

“Ningekuambia, mukono yako ingetetemeka kwa ile barieri.” Akaiweka brashi juani ikauke. “Na gari ingine hatukukuwa nayo.”

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba asingeniambia kabisa, ningelala vizuri zaidi maisha yangu yote. Nikamuuliza sasa ananiambia kwa nini.

“Sababu sasa uko na wakati ya kuitengeneza,” akasema.

Nilirudi karakanani, tulikokwisha kulirudisha kabati, alasiri ileile, nikapima. Alikuwa amesema kweli. Kama unywele. Nikaurekebisha nikiwa bado nina hasira, na ndio mstari ulionyooka kuliko yote niliyowahi kupaka.

Baadaye treni zilianza kuwarudisha watu wa Kasai kwao. Nilifika na kikapu changu nikakuta familia nyingine kwenye turubai lake. Hakuwa amejua siku. Waliitwa asubuhi wakapanda asubuhi. Alikuwa ameviacha kwa jirani vile vikombe vitatu nilivyompelekea, vimekwisha kupakwa rangi, vimefungwa kwa gazeti. Niliketi na huyo jirani tukala karanga nilizomletea Papa Mukendi, kwa kuwa sikujua la kufanya nazo.

Mapigano yalipoingia mjini, Papa Salumu na mimi tulizika vioo kwenye pumba za mbao, chini ya benchi, na sisi wenyewe tukajibanza kando yake. Ukuta wa mbele ulipata mashimo matatu. Kioo hata kimoja hakikupasuka. Katikati ya hayo yote padri mmoja alituletea barua kutoka Kasai, ukurasa mmoja. Papa Mukendi hakuandika jinsi walivyosafiri wala walichokikuta. Aliandika kwamba huko hewa ni nzito zaidi, gundi haikauki, na je, sisi tunaweka maji kiasi gani. Papa Salumu alinifanya niisome mara mbili. “Basi eko muzima,” akasema.

Kujitenga kulikwisha. Profesa Oktavi akarudi kama alivyosema, amekonda, bila sungura. Alikagua kila chombo kwa vidole, akafurahi, na kwenye kabati la vioo alichukua muda mrefu kuliko kwingine kote. Aliingia mpaka nyuma. Huko, chini, karibu na pembe, akaona alama ya kisigino cha kiatu. Nilikuwa nimeiona zamani na sikutaka kuipaka.

“Hii ni nini?”

“Panya,” Papa Salumu akasema.

Profesa akaitazama ile alama, akamtazama Papa Salumu, na akaona ni afadhali aulizie habari za meza.

Alifanya onyesho la kwanza Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa parokia, akatupa viti vya mbele. Nilikuwa sijawahi kuona vyombo vyetu vikifanya kazi. Njiwa walitoka kwenye meza, na hakuna aliyesema ina mimba. Msichana alikatwa akaungwa. Mwisho wakalisukuma kabati jukwaani, Profesa akafungua mlango wote, kama inavyotakiwa, na taa zikaangaza ndani.

Lilikuwa tupu. Nilitazama ile mistari mpaka macho yakauma, na nilijua ni nafasi gani iko nyuma yake, na jinsi mtu anavyopaswa kusimama humo ili aenee. Profesa akafunga, akagonga mara tatu kwa fimbo, akafungua tena. Akatoka msichana mwenye gauni la manjano, akitabasamu, mikono juu. Watu walisimama kupiga makofi, hata mapadri.

Papa Salumu hakupiga. Alibaki ameketi, mikono magotini, akiangalia mlango wa kabati uliokuwa bado wazi. Kisha akaniinamia sikioni.

“Nilizani atatoka yeye,” akasema.

Nikamwambia hata mimi nilikuwa namngoja.